Kumlisha mgonjwa mahututi: virutubisho vya kinga, kipimo chake na mipaka yake

Mwongozo huu ni wa wauguzi, matabibu na maofisa lishe wanaohudumia watu wazima kwenye ICU (wodi za wagonjwa mahututi), hasa zile ambazo pampu za chakula hazitoshi vitanda na maabara haipimi fosfeti kila siku. Umepangwa kwa uzito wa mambo. Kwanza chakula chenyewe, kisha upungufu unaojulikana, na mwisho makopo na ampuli za "kuongeza kinga", ambazo nyingi hazistahili kumfikia mgonjwa huyu.

Chakula kinatangulia kwa sababu sehemu kubwa ya kinga ya mwili imejengwa kwenye ukuta wa utumbo. Utumbo usiopitiwa na chakula hunyauka, vinyweleo vyake hufupika, na kingamwili za IgA zinazolinda utando wa utumbo na wa njia ya hewa hupungua. Wakati huohuo mwili ulio kwenye homa kali hula misuli yake wenyewe ili kupata protini ya kutengeneza seli za kinga. Misuli ya kupumulia nayo haisalimiki.

Nani aanze leo, nani asubiri

Lengo ni kuanza kulisha kwa mrija ndani ya saa 24 hadi 48 tangu mgonjwa alazwe ICU. Sauti za tumbo si sharti. Wengi walio kwenye mashine ya kupumulia tumbo lao liko kimya na bado wanavumilia chakula.

Asubiri yule ambaye presha yake bado inaporomoka na dozi ya noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, inazidi kuongezwa. Utumbo wake haupati damu ya kutosha, na chakula kikiingia kinauongezea kazi isiyo na damu ya kuiendesha. Utumbo unaweza kufa. Presha ikishatulia, anza kwa kiasi kidogo hata kama noradrenalini ya dozi ndogo bado inaendelea. Asubiri pia mwenye utumbo ulioziba, anayetapika damu, anayeshukiwa utumbo wake kukosa damu, au ambaye oksijeni yake bado haijashikika.

Kosa la kawaida zaidi ni kumwacha mgonjwa siku tatu au nne kwa dripu ya dextrose 5% peke yake. Lita moja ya dripu hiyo ina gramu 50 za sukari, yaani kilokalori 170 hivi, na haina protini hata chembe.

Mrija

Pima kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi ncha ya mfupa wa kidari. Mrija wa saizi 12 au 14 unatosha mtu mzima. Ukishaingia, vuta majimaji kwa sirinji na uyapime kwa karatasi ya pH: 5.5 au chini yake ni tumboni. Mgonjwa anayetumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, anaweza kuonyesha pH ya juu ingawa mrija uko mahali pake. Huyo, na yeyote ambaye majimaji hayatoki, apigwe X-ray. Kwenye picha mrija ushuke katikati ya kifua, uvuke mahali njia ya hewa inapogawanyika bila kufuata upande wowote, upite diaframu (msuli unaotenga kifua na tumbo), na ncha yake ionekane chini ya diaframu upande wa kushoto.

Kusukuma hewa na kusikiliza tumbo kwa stetoskopu hakuthibitishi kitu. Mrija ulio kwenye pafu nao hutoa sauti hiyo, na chakula kilichomwagwa kwenye pafu kinaua.

Andika kwenye chati alama ya sentimita iliyo puani, na uiangalie kabla ya kila mlo. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45. Safisha mrija kwa ml 30 za maji kila saa 4, kabla na baada ya kila dawa.

Kiasi

Usimkimbize mgonjwa kwenye kiwango kamili siku ya kwanza. Katika siku za mwanzo ini lake linaendelea kutengeneza sukari lenyewe, na chakula hakilizuii. Ukijumlisha hiyo na mlo kamili, sukari ya damu hupanda, na seli nyeupe zilizozama kwenye sukari nyingi hushindwa kumeza bakteria ipasavyo. Anayeshibishwa kupita kiasi wiki ya kwanza anapata maambukizi zaidi. Utafiti wa EPaNIC wa Ubelgiji (2011), wenye wagonjwa 4640, ulionyesha hivyo kwa waliojaziliziwa mapema kwa chakula cha mshipani.

Chukua mgonjwa wa kilo 60 na chakula chenye kilokalori 1 kwa ml. Anza ml 20 kwa saa. Baada ya saa 6 hadi 8 akivumilia, panda hadi ml 30 na ubaki hapo siku ya 1 na ya 2. Ni kama kilokalori 700 kwa siku. Siku ya 3 mpe ml 40 kwa saa, siku ya 4 ml 50, na kati ya siku ya 5 na ya 7 fika ml 60 hivi, karibu kilokalori 1500, yaani 25 kwa kila kilo. Kama anapata dawa ya usingizi ya propofol ya 1%, hesabu kilokalori 1.1 kwa kila ml, kwa sababu dawa hiyo imeyeyushwa kwenye mafuta. Ml 10 kwa saa ni zaidi ya kilokalori 260 kwa siku ambazo hazikuandikwa popote kwenye chati ya chakula.

Uzito wa kutumia ni ule wa kabla ya ugonjwa. Mgonjwa aliyejaa maji anaweza kuonekana ameongezeka kilo 10 huku misuli ikiyeyuka. Ndugu wakiwa hawajui uzito wake, pima urefu kitandani. Mwanamume: 50 jumlisha 0.91 mara sentimita zinazozidi 152.4. Mwanamke: anza na 45.5 badala ya 50.

Bila pampu, tumia mfuko na seti ya matone 20 kwa ml: gawanya ml za saa kwa 3 upate matone kwa dakika. Ml 30 kwa saa ni matone 10, ml 60 ni matone 20. Chakula ni kizito kuliko maji, kwa hiyo tone lake si sawa na tone la dripu. Bandika plasta ubavuni mwa mfuko, weka alama ya kila saa, na urekebishe kwa alama badala ya kuamini matone. Hatari kubwa ya njia hii ni kuunganisha mfuko wa chakula kwenye mshipa. Funga utepe wa rangi moja kwenye seti ya chakula na kwenye mrija wa pua, andika "CHAKULA" pande zote mbili, na itundike kwenye stendi yake, mbali na dripu.

Njia nyingine ni milo sita, kila saa 4: ml 100 kila mlo siku ya kwanza, ukipanda taratibu hadi ml 250. Mimina kwenye sirinji iliyo wazi ishuke yenyewe kwa dakika 20 hadi 30. Kusukuma kwa kidole gumba ndiko kunakotapisha.

Protini, na mchanganyiko wa jikoni

Lenga gramu 1.3 kwa kilo kwa siku, ukipanda polepole. Kwa kilo 60 ni gramu 78. Vyakula vingi vya kopo vya kilokalori 1 kwa ml vina protini gramu 40 kwa lita, kwa hiyo lita moja na nusu inaleta gramu 60, zimebaki 18. Gramu 50 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta zinaziba pengo hilo. Kwenda juu sana hakusaidii. Utafiti wa EFFORT Protein (2023) uliwapa kundi moja gramu 2.2 au zaidi kwa kilo. Hawakupona haraka zaidi, na dalili za madhara zilionekana kwa wenye figo zilizofeli ghafla. Hata hivyo usimnyime protini mwenye figo mbovu ili tu kuahirisha kusafisha damu.

Kama hakuna chakula cha kopo, mchanganyiko wa F-100 wa Shirika la Afya Duniani ni mahali pazuri pa kuanzia: maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 80, sukari gramu 50, mafuta ya kupikia gramu 60, maji yaliyochemshwa hadi kufika lita 1, pamoja na mchanganyiko wa madini na vitamini. Unapata kilokalori 1000 na protini gramu 29. Kwa mtu mzima aliye mahututi protini hiyo ni kidogo; kila gramu 30 za maziwa ya unga huongeza gramu 10 hivi. Ukizidisha maziwa sana, laktosi itamharisha. Pima kwa mizani, si kwa kijiko, na usiruke madini na vitamini, maana bila hayo unampa nguvu zisizo na vifaa vya kuzitumia.

Chakula kilichochanganywa wodini kisining'inie zaidi ya saa 4, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kaskazi, hizo 4 ni mwisho kabisa. Kilichobaki kikae frijini, na kimwagwe baada ya saa 24. Mfuko na seti vibadilishwe kila siku. Kuongeza chakula kipya juu ya mabaki ya asubuhi ni kumpandia bakteria.

Kabla hujapandisha: waliokaa na njaa

Mgonjwa aliyekonda, aliyekaa zaidi ya siku 5 bila kula, mlevi wa muda mrefu, mwenye saratani, kifua kikuu au UKIMWI uliokomaa: huyu chakula chenyewe kinaweza kumuua. Sukari ikiingia, insulini hupanda na kusukuma fosfeti, potasiamu na magnesiamu ndani ya seli, damuni vinaporomoka. Moyo unapoteza mpigo, misuli ya kifua inachoka, na seli nyeupe zinakosa nishati ya kuua vijidudu. Mara nyingi huonekana siku ya 2 hadi ya 4, na hapo huchukuliwa kuwa ni sepsisi (maambukizi yanayovuruga viungo vya mwili) inayoendelea.

Fanya hivi:

1. Mpe thiamini mshipani mg 200 hadi 300 kwa siku, ukianza kabla ya chakula au dextrose. Ukitumia ampuli ya vitamini B mchanganyiko, soma lebo: nyingi zina thiamini kidogo kuliko unavyodhani.
2. Anza kilokalori 10 kwa kilo kwa siku. Aliyekonda kupindukia, 5. Panda taratibu kwa siku 4 hadi 7.
3. Pima potasiamu, magnesiamu na fosfeti kabla, kisha kila siku kwa siku tatu za kwanza angalau. Rekebisha huku ukilisha.
4. Fosfeti ikishuka chini ya 0.65 mmol/L, punguza chakula hadi kilokalori 500 hivi kwa siku kwa saa 48, jazia fosfeti, ndipo upande tena.

Pasipo kipimo cha fosfeti, ongozwa na potasiamu inayoshuka, mapigo yasiyo na mpangilio, uvimbe mpya na pumzi inayozidi kuwa fupi baada ya chakula kuanza. Chakula cha maziwa hapa ni msaada, kwa sababu maziwa yana fosfeti nyingi.

Sasa virutubisho vyenyewe

Kuna tofauti kati ya kuziba pengo na kumimina dozi kubwa ukitumaini kinga itaruka juu. La kwanza ni tiba. La pili limejaribiwa mara nyingi na limeangusha watu.

Kila mgonjwa apate vitamini na madini ya kiwango cha kawaida cha siku. Chakula cha kopo hukamilisha kiwango hicho kinapofika kilokalori 1500 hivi. Kabla ya hapo, au akitumia mchanganyiko wa jikoni, ongeza kidonge kimoja cha multivitamini yenye madini, kilichosagwa vizuri. Thiamini mg 100 hadi 300 kwa siku kwa siku 3 hadi 4 za kwanza inafaa karibu kila anayeingia ICU, kwa kuwa akiba yake mwilini ni ndogo na kuikosa kunafanana na presha kuporomoka kwa sababu ya moyo kushindwa kufanya kazi.

Zinki inahitajika zaidi kwa mwenye majeraha makubwa ya moto, kwa anayeharisha sana na kwa mwenye fistula (tundu linalovuja) ya utumbo. Usiiache iendelee wiki nyingi bila sababu. Zinki nyingi huzuia shaba isifyonzwe, na kukosa shaba kunaangusha damu na seli nyeupe, yaani kinga ileile uliyotaka kuijenga.

Vitamini C ya dozi kubwa kwa sepsisi: usitoe. Utafiti wa LOVIT (2022), wenye wagonjwa 872, ulitoa mg 50 kwa kilo kila saa 6. Waliokufa au kubaki na viungo vilivyofeli siku ya 28 walikuwa 44.5% upande wa vitamini, na 38.5% upande wa dawa tupu ya kulinganishia (placebo). Kuna mtego mwingine: vitamini C nyingi damuni hudanganya baadhi ya glukomita, zikasoma sukari ya juu isiyokuwepo. Muuguzi anatoa insulini, mgonjwa anazimika kwa sukari kushuka.

Glutamini ilisifiwa kwa miaka kama chakula cha seli za kinga. REDOXS (2013) uliwajaribu wagonjwa 1223 wenye viungo vilivyofeli: siku ya 28 walikuwa wamekufa 32.4% ya waliopewa, dhidi ya 27.2% ya wasiopewa. Kwa majeraha ya moto, RE-ENERGIZE (2022) haukuona faida. Usiitoe kwa mwenye sepsisi, ini au figo zilizofeli. Seleniamu ya dozi kubwa kwa sepsisi haikuokoa maisha pia.

Vyakula vya kopo vilivyoandikwa "vya kinga", vyenye arginini, omega-3 na wenzake, vina mahali pake: kabla na baada ya upasuaji mkubwa uliopangwa, hasa wa saratani ya njia ya chakula, ambapo hupunguza maambukizi ya kidonda. Kwenye sepsisi arginini inazaa naitriki oksaidi, mishipa inalegea, na presha uliyoipigania inashuka. Bei yake ni kubwa; fedha hiyo inanunua maziwa ya unga ya wiki nzima.

Bakteria hai, wa vidonge au wa mtindi wa nyumbani, wasipite kwenye mrija wa mgonjwa mahututi. Jaribio la PROSPECT (2021) lenye wagonjwa zaidi ya 2600 halikupunguza nimonia inayowapata walio kwenye mashine ya kupumulia, na baadhi yao bakteria haohao walikutwa kwenye damu.

Madini ya chuma yasubiri. Wakati wa maambukizi mwili huficha chuma kwa makusudi ili bakteria wasikipate. Ini hutoa homoni ya hepsidini, ikafunga mlango wa kukifyonza. Ukimpa vidonge, vingi vinabaki utumboni kulisha vijidudu. Pemba ilitufundisha hili kwa gharama: utafiti uliochapishwa 2006 ulikuta watoto waliopewa chuma na foliki asidi mahali penye malaria nyingi walilazwa au kufa kwa 12% zaidi. Hao hawakuwa wagonjwa wa ICU, lakini fundisho linafaa: subiri homa iishe, kisha tibu upungufu wa damu kwa utulivu.

Vinavyoletwa na ndugu

Waeleze mapema, kwa heshima, kabla hawajaanza kuleta. Supu ya mifupa iliyochujwa ina protini kidogo sana. Uji huziba mrija. Madafu yana potasiamu nyingi, na kwa figo zilizofeli yanaweza kusimamisha moyo. Unga wa mlonge unakwama mrijani na unamwongezea potasiamu. Asali na juisi za sukari zinamharisha. Mayai mabichi yana salmonela. Wakitaka kuchangia, wape orodha: maziwa ya unga yasiyo na mafuta, mafuta ya kupikia yasiyofunguliwa, sirinji za ml 50.

Mambo yanapokwenda kombo

*Anaharisha.* Usisimamishe chakula. Angalia kwanza dawa: sharubati zenye sobitoli (kitia utamu kinacholegeza tumbo), antibayotiki, magnesiamu. Kisha usafi wa mchanganyiko, kisha laktosi.

*Tumbo halipokei.* Kiasi kilichobaki tumboni kikiwa chini ya ml 500 katika saa 6, na hatapiki wala tumbo halijavimba, endelea. Kikizidi, punguza kasi na umpe erithromaisini mshipani mg 100 hadi 250 mara tatu kwa siku, si zaidi ya siku 3 au 4, au metoklopramidi mg 10 mara tatu, ukipunguza kwa mwenye figo mbovu. Angalia ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kabla ya erithromaisini.

*Mrija umeziba.* Maji ya vuguvugu kwa sirinji ya ml 50, sukuma na kuvuta polepole. Sirinji ndogo ina msukumo mkali unaoweza kupasua mrija. Soda hugandisha maziwa. Waya usiingizwe kamwe.

*Dawa haifanyi kazi.* Siprofloksasini hushikana na kalsiamu ya maziwa. Fenitoini hufyonzwa vibaya ikikutana na chakula. Simamisha chakula saa 1 hadi 2 kabla na baada, kisha fidia kiasi kilichokosekana. Vidonge vya kutolewa taratibu visisagwe.

*Sukari.* Anza insulini ikizidi 10 mmol/L mara mbili mfululizo, na lenga 7.8 hadi 10. Chakula kikisimamishwa kwa ajili ya X-ray au upasuaji, insulini isimame dakika hiyohiyo. Sukari kushuka namna hii ni ajali inayozuilika kabisa, na bado hutokea zamu za usiku.

Kila asubuhi linganisha ml zilizoandikwa na ml zilizoingia. Pengo huwa kubwa kuliko mnavyofikiri, kwa sababu ya kusimamisha kwa ajili ya kuoga, fiziotherapia na vipimo. Lenga jumla ya saa 24: akipoteza saa 4, ongeza kasi ya saa zilizobaki, bila kuvuka ml 150 kwa saa. Usipime maendeleo kwa albumini. Protini hiyo ya damu hushuka kwa ugonjwa wenyewe, ashibe asishibe.

Bomba la kupumulia likitolewa, mrija wa pua ubaki. Koo lililokaa na bomba siku nyingi humeza vibaya. Mjaribu kwa vijiko vya maji akiwa ameketi, sikiliza kikohozi na sauti ya majimaji kooni, na uutoe mrija pale anapokula kwa mdomo theluthi mbili ya mahitaji yake kwa siku mbili mfululizo.